Gregor Mendel: Mtoto wa mkulima aliyehesabu njegere punje kwa punje

MKULIMA wa maharagwe anapopita shambani wakati wa maua hufurahi, kwa sababu kila ua analiona kama ganda lililojaa. Wiki chache baadaye anarudi na kukuta maua mengi yamepukutika. Katika maganda yaliyobaki, moja lina punje sita, jingine lina mbili tu, na kati yake kuna vipunje vilivyovia, vidogo kama ulezi.

Wengi wetu huishia kusema mbegu ilikuwa mbaya au mvua imetuonea, tukafunga magunia machache tuliyopata na kusubiri msimu mwingine. Zaidi ya miaka 150 iliyopita alikuwapo mtu ambaye hakuishia hapo. Alikaa bustanini miaka minane, akafungua maganda kwa maelfu na kuhesabu kilichomo punje kwa punje.

Mtu huyo ni Gregor Mendel, ambaye leo anaitwa baba wa elimu ya urithi. Wanafunzi wa sekondari hukutana naye kwenye kitabu cha biolojia, wakakariri majibu yake kwa ajili ya mtihani na kumsahau. Kinachosahaulika zaidi ni kwamba Mendel alikuwa mtoto wa mkulima maskini, aliyesoma kwa fungu la mali la dada yake, na kwamba kazi yake yote ilihusu jambo ambalo kila mkulima wa jamii ya kunde analiona kwa macho, yaani safari ya ua hadi kuwa punje.

Shamba na fungu la Theresia

Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, eneo la Silesia, lililokuwa chini ya dola ya Austria. Siku hizi kijiji hicho kinaitwa Hynčice na kipo katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake la utotoni lilikuwa Johann. Jina la Gregor alilipata baadaye utawani.

Baba yake, Anton, alikuwa na shamba dogo, lakini muda wake haukuwa wake wote. Kwa sheria za wakati ule alilazimika kumfanyia kazi bwana wa ardhi siku tatu kila wiki bila malipo. Mama yake, Rosine, alitoka katika ukoo wa watunza bustani. Johann alikuwa mtoto pekee wa kiume, akiwa na dada wawili, Veronika aliyekuwa mkubwa na Theresia aliyekuwa mdogo.

Pale kijijini padri wa parokia aliwafundisha wanakijiji kutunza miti ya matunda. Kijana Johann alijifunza mapema kubebesha miche na kufuga nyuki, kazi mbili alizozipenda hadi uzeeni.

Mwaka 1834 alikwenda kusoma sekondari katika mji wa Opava. Wazazi hawakuwa na uwezo wa kulipia chakula chote, hivyo mara nyingi alisoma akiwa na njaa. Mwaka 1838 mambo yalizidi kuharibika. Anton aliangukiwa na gogo akiwa kwenye kazi za bwana wa ardhi, akaumia kifua na hakupona sawasawa. Johann, akiwa na umri wa miaka 16, alianza kujitafutia riziki kwa kuwafundisha wanafunzi wenzake.

Kwa desturi, shamba lilikuwa lirithiwe na mtoto wa kiume. Johann alitaka kusoma, na baba hakuweza tena kushika jembe. Mwaka 1841 shamba likaenda mikononi mwa mume wa Veronika.

Hapo ndipo Theresia alipofanya jambo ambalo bila hilo huenda dunia isingemjua Mendel. Kwao wakati ule mzazi alimtengea binti fungu la mali la kwenda nalo kwa mumewe. Theresia alitoa sehemu ya fungu lake ili kaka yake amalize masomo huko Olomouc. Mendel hakusahau deni hilo. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto watatu wa kiume wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Hata kwa msaada huo fedha hazikutosha. Mwaka 1843 Johann aliingia katika monasteri ya Mtakatifu Thomas mjini Brno, ambako aliitwa Gregor. Mwenyewe hakuficha kwamba umaskini ulichangia uamuzi huo, kwa sababu monasteri ilimwondolea hofu ya kesho atakula nini.

Monasteri iliyojali kilimo

Brno ulikuwa mji wa viwanda vya nguo za sufu. Wafugaji wa kondoo na wenye viwanda walitaka kujua kwa nini dume mwenye sufu nzuri huzaa watoto wazuri kwa jike mmoja na wabaya kwa mwingine. Wakulima wa matunda walikuwa na maswali kama hayo. Mkuu wa monasteri, Abati Cyrill Napp, alikuwa kiongozi katika chama cha kilimo cha eneo hilo na aliyajua maswali hayo vizuri.

Mendel hakufaa kwa kazi ya kuwahudumia wagonjwa, kwa sababu kuwaona wakiteseka kulimfanya augue mwenyewe. Mwaka 1849 alipelekwa kufundisha shule huko Znojmo. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu, akafeli. Abati Napp hakumkatia tamaa. Alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, alikosoma kuanzia 1851 hadi 1853.

Huko Vienna alijifunza fizikia na hesabu, na pia elimu ya mimea chini ya Profesa Franz Unger. Aliporudi Brno aliendelea kufundisha bila cheti kamili. Mwaka 1856 alijaribu tena mtihani ule wa ualimu, akaugua na kushindwa kuumaliza. Hakuupata kamwe.

Lakini mwaka huohuo wa 1856 alianza kazi nyingine. Nyuma ya monasteri kulikuwa na kipande cha bustani chenye urefu wa mita 35 hivi na upana wa mita 7. Kwa miaka miwili alikuwa amekwishajaribu aina 34 za njegere alizonunua kwa wauza mbegu, kuona kama kila aina inazaa kama ilivyo bila kubadilika. Alibakiza aina 22, akaanza kuzizalisha kati yao.

Ndani ya ua la njegere

Kwa nini njegere? Sababu kubwa ni umbo la ua lake. Ua la njegere, kama la maharagwe, kunde au karanga, lina petali za chini zilizofungana kama mtumbwi. Ndani ya mtumbwi huo kuna vishikio 10 vya chavua, ule unga wa kiume, vikiwa vimelizunguka ganda changa ambalo bado ni jembamba kama uzi. Ndani ya uzi huo mna vijiyai vimepangwa kwenye mstari.

Chavua humwagika kabla ua halijafunguka. Hivyo njegere hujichavusha yenyewe, na mdudu au upepo hupata nafasi ndogo sana ya kuleta chavua ya shamba la jirani. Mendel alichunguza zaidi ya mimea 10,000 na kukuta iliyochanganyika kwa bahati mbaya ni michache mno. Aliweka mingine kwenye vyungu ndani ya nyumba ya vioo ili kulinganisha, na huko hakukuta hata mmoja. Mdudu aliyemshuku ni yule mbawakawa mdogo anayetoboa njegere.

Alipotaka kuchanganya aina mbili, alifungua ua likiwa bado changa, akang'oa vishikio vya chavua kimoja kimoja kwa kibanio, kisha akapaka chavua ya aina nyingine. Ni kazi ya subira, maana ukichelewa kidogo ua limekwisha kujichavusha, na ukivuta kwa nguvu ganda changa linakatika.

Kila chembe ya chavua inayofika kwenye ncha ya ganda changa huota mrija mwembamba sana, unaoteremka hadi kwenye kijiyai kimoja. Chembe moja hufanya kazi kwa kijiyai kimoja. Ganda la njegere nane limehitaji chembe nane zilizofanikiwa.

Jambo hili halikuwa wazi wakati wa Mendel. Wapo wanasayansi wakubwa walioamini kuwa chembe moja haitoshi kutengeneza mbegu. Mendel alishikilia kwamba inatosha, na baadaye alilijaribu kwa ua la mrembo wa saa kumi kwa kuweka chembe mojamoja, akapata mbegu nzuri.

Ushahidi ulikuwa pia ndani ya maganda yake. Katika ganda moja la chotara alikuta punje za mviringo zikiwa bega kwa bega na zilizokunjamana, na za njano zikiwa pamoja na za kijani. Zilikuwa za mama mmoja na ganda moja, lakini kila punje ilikuwa na urithi wake.

Hesabu iliyobadilisha dunia

Kati ya tabia saba alizofuatilia, tano zilihusu punje au ganda lenyewe: umbo la punje, rangi ya ndani ya punje, rangi ya ngozi yake, umbo la ganda na rangi ya ganda likiwa bichi. Mbili zilizobaki zilikuwa mahali ua linapokaa na urefu wa shina.

Alipochanganya njegere za mviringo na zilizokunjamana, kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha mviringo. Alipanda punje hizo na kuziacha zijichavushe. Mimea 253 ikampa punje 7,324. Kati ya hizo, 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikuwa zimekunjamana. Kwa rangi, mimea 258 ilimpa punje 8,023, ambapo 6,022 zilikuwa za njano na 2,001 za kijani. Kila mara ni karibu tatu kwa moja.

Hivyo tabia iliyoonekana kupotea ilikuwa imejificha tu. Kila mmea huwa na vitu viwili viwili, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama, na katika kizazi kinachofuata hugawanyika upya. Hii ndiyo sababu mkulima anayepanda mahindi chotara hushauriwa kununua mbegu mpya kila msimu, kwa maana akirudishia ya ghalani atapata mchanganyiko usio na usawa. Mkulima wa maharagwe au njegere, ambazo hujichavusha zenyewe, anaweza kurudishia mbegu yake mwenyewe kwa misimu kadhaa ikiwa ni safi na haina magonjwa.

Ukiangalia hesabu za Mendel kwa jicho la mkulima utaona jambo jingine. Katika jaribio la umbo la punje alitoa hesabu ya mimea 10 ya kwanza, mmoja mmoja. Mmoja ulizaa punje 29 na mwingine ulizaa 112. Mingi ilikuwa kati ya 31 na 43. Hii ilikuwa bustani moja, msimu mmoja na mkulima mmoja makini, lakini tofauti kati ya mmea na mmea ilikuwa karibu mara nne. Mwenye kupima kwa gunia tu asingeiona tofauti hiyo.

Chotara aliyejaa maua akakosa punje

Mendel hakuishia kwenye njegere. Alitaka kujua kama kanuni yake inafanya kazi pia kwa maharagwe. Alipochanganya aina za maharagwe zilizo karibu, matokeo yalifuata mkondo uleule. Kisha akachanganya haragwe fupi lenye maua meupe na haragwe la kutambaa lenye maua mekundu, ambalo ni ndugu wa mbali wa maharagwe ya kawaida.

Chotara waliota na kuchanua vizuri. Mimea 17 ilitoa maua kwa mamia, lakini mavuno ya mimea yote 17 yalikuwa punje 49 tu. Mwaka uliofuata punje hizo zilimpa mimea 44, na kati yake 31 tu ndiyo iliyofikia kutoa maua.

Mtu mwingine angeyaficha matokeo hayo kwa aibu. Mendel aliyaandika wazi na kukiri kuwa mimea hiyo haikutosha kumpa hesabu ya uhakika. Leo tunajua kilichotokea. Wazazi wanapokuwa na undugu wa mbali, chavua ya chotara wao huwa dhaifu, na hata kijiyai kikichavushwa, kiinitete kilichomo huanza kukua kisha kikafa njiani. Ni kama mbuzi anayeshika mimba halafu akaitupa.

Tatizo hilohilo liliwasumbua wataalamu waliotaka kupata maharagwe yanayovumilia joto. Walitaka kuchanganya maharagwe ya kawaida na haragwe la tepari la nchi kavu za Mexico na kusini magharibi mwa Marekani, lakini viinitete vilikuwa vinakufa ndani ya ganda. Dawa waliyoipata ni kuvitoa vikiwa vichanga na kuvilea kwenye chupa maabara hadi vikawa miche. Mwaka 2015 kituo cha utafiti cha CIAT, chenye makao yake Colombia, kilitangaza maharagwe yanayostahimili joto, na baadhi yalitokana na uchotara huo.

Kwa nini punje huvia shambani

Mkulima hachanganyi aina za mbali, lakini punje zake huvia pia. Tangu siku za Mendel wataalamu wamechunguza sana ndani ya ganda, na mambo makubwa ni haya.

Kwanza, mmea wa jamii ya kunde hutoa maua mengi kuliko uwezo wake wa kulea. Katika maharagwe ni kawaida zaidi ya nusu ya maua kuanguka, hata hali ikiwa nzuri. Maua ya mwanzo yakishika, hujivutia chakula na ya nyuma hupukutika. Kwa hiyo kupukutika kidogo si ugonjwa.

Pili, ganda linategemea punje zake. Punje changa hutoa vichocheo vinavyoliambia ganda likue. Ganda ambalo hakuna kijiyai kilichochavushwa ndani yake hudumaa na kuanguka. Lililo na punje chache hubaki, lakini huwa fupi au lililopinda, nalo sokoni halipati bei, hasa kwa wanaouza njegere au maharagwe mabichi yakiwa na maganda yake.

Tatu, joto. Kwa maharagwe ya kawaida, mchana ukizidi nyuzi 30 na usiku ukabaki juu ya nyuzi 20 wakati wa maua, chavua hudhoofika na mirija yake hushindwa kufika kwenye vijiyai. Njegere ndizo zinazotaka baridi zaidi, na ndiyo maana hustawi Lushoto, Njombe au Nyandarua lakini hazifanyi vizuri pwani.

Nne, maji na chakula. Ukame wa siku chache wakati wa maua na wakati ganda linajaa huumiza kuliko ukame wa wiki za mwanzo. Mmea wenye njaa huchagua, hulisha punje chache na kuziacha nyingine zife. Katika ganda la njegere, zinazoachwa mara nyingi ni zile za miishoni.

Tano, udongo. Upungufu wa madini ya boroni huzuia mrija wa chavua kukua. Karanga nazo hunyonya kalisi moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaozunguka ganda, na kalisi ikipungua maganda hutoka mazuri kwa nje lakini ndani ni matupu, kama mpunga wenye mapepe. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi nayo huleta majani mengi na kuchelewesha maua.

Sita, wadudu. Thiripi huingia ndani ya maua ya kunde na kuyaangusha. Wadudu wanaonyonya maganda ya kunde na mbaazi huchoma punje changa, nazo husinyaa.

Wauzaji wa njegere wana jambo la ziada la kumshukuru Mendel. Njegere yake iliyokunjamana ilieleweka vizuri mwaka 1990, watafiti wa Uingereza walipoonyesha kuwa kirithi chake kimoja kimeharibika na punje inashindwa kutengeneza wanga ipasavyo. Sukari hubaki nyingi, punje hujaa maji ikiwa mbichi, na ikikauka hukunjamana. Ndiyo maana aina zilizokunjamana ni tamu zikiuzwa mbichi, na za mviringo hufaa zaidi kwa kukausha.

Ukimya hadi kaburini

Februari na Machi 1865 Mendel alisoma matokeo yake mbele ya chama cha elimu ya viumbe cha Brno. Mwaka 1866 yalichapishwa. Aliagiza nakala 40 na kuwatumia baadhi ya wataalamu wa Ulaya, lakini karibu wote walikaa kimya.

Aliyejibu ni Profesa Carl Nägeli wa Munich, naye hakuamini. Mendel alifanya kazi pia na mmea ambao profesa huyo alikuwa bingwa wake, aina ya ua la mwituni linaloitwa Hieracium. Maua yake ni madogo mno, na kuyapasua kulimuumiza macho. Baya zaidi, matokeo hayakufanana na ya njegere hata kidogo. Watoto walitoka wakifanana na mama tu, kizazi baada ya kizazi.

Mendel alikufa bila kujua sababu. Mwanzoni mwa karne ya 20 iligundulika kwamba mmea huo mara nyingi hutengeneza mbegu bila kuchavushwa kabisa. Hakuna baba, hivyo hakuna cha kugawanya. Mendel alikuwa sahihi kuhusu njegere, lakini alijaribu kanuni yake kwa mmea usiofuata njia ya kawaida ya ua kuwa mbegu.

Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abati, na shughuli za utawala zikammaliza. Aliendelea na nyuki, miti ya matunda na vipimo vya hali ya hewa, na mwaka 1881 akawa mkurugenzi wa benki ya rehani ya Moravia. Mwaka 1874 ilitungwa sheria ya kutoza monasteri kodi, naye akaipinga na kukataa kulipa hadi mwisho wa maisha yake. Ugomvi huo ulimgombanisha na marafiki na kumchosha.

Alifariki dunia tarehe 6 Januari 1884 kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka 61. Mwanamuziki Leoš Janáček alipiga kinanda katika mazishi yake. Waliomzika walimjua kama abati mkarimu na mpenda bustani. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto.

Mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake, wataalamu watatu wa nchi tofauti, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, walichapisha matokeo kama yake na kukuta mtawa wa Brno amewatangulia kwa miaka 34. Tangu hapo uzalishaji wa mbegu bora, iwe za maharagwe au mahindi, umefuata njia aliyoionyesha.

Somo kwa mwenye shamba

Mendel hakuwa na darubini ya ajabu wala fedha. Alikuwa na kibanio, daftari na tabia ya kuhesabu kila punje, pamoja na za mazao yaliyomwangusha. Hilo linawezekana kwa mkulima yeyote.

Msimu huu, kabla ya kuvuna, chagua mimea 10 ya maharagwe, kunde au njegere bila kupendelea ile mizuri. Hesabu maganda ya kila mmoja, kisha yapasue na kuandika punje nzima ni ngapi na zilizovia ni ngapi. Nafasi yenye kijiyai kilichokauka mapema inaonyesha shida ilikuwa wakati wa maua, yaani joto, ukame au chavua. Punje iliyoanza kujaa kisha ikasinyaa inaonyesha maji au chakula kiliisha njiani, au mimea imebanana. Punje yenye alama ya kuchomwa au tundu ni kazi ya wadudu.

Daftari hilo lipeleke kwa bwana shamba au bibi shamba wako. Ukimwambia tu kwamba mavuno ni mabaya, atabahatisha kama unavyobahatisha wewe. Ukimwonyesha kwamba kati ya nafasi 60 ndani ya maganda, 25 zimevia, na nyingi zilikufa wakati wa maua, atajua aanzie kwenye tarehe yako ya kupanda, kwenye maji, kwenye mbolea au kwenye dawa ya wadudu, nawe utaokoa fedha ambayo ungeitupa kwa kununua kisichohitajika.

Na kwa anayeuza njegere mbichi, chuma mapema na mara kwa mara. Mmea unaoachiwa maganda yakomae hujiona umemaliza kazi na huacha kutoa maua. Unaochumwa huendelea kuchanua na kukupa mzigo mwingine wa kupeleka sokoni.